Kichocheo cha Bwana Shamba

Kengeja, Pemba
3 Juni 1959

Kwa kaka yangu Nassor bin Khatib, Tanga

Asalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Moza na watoto, na kile kikohozi kimekwisha. Huku sote wazima kwa rehema za Mungu. Mama goti linamsumbua mvua zikishika, lakini kukaa hataki.

Kaka, kabla ya masika uliniandikia ukurasa mzima kunifundisha maana ya kichocheo cha uchumi, ukasema ni mambo ya wasomi, nisijitie. Mambo hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. Bwana Shamba alisimama uwanja wa skuli akatueleza kwamba bei ya karafuu imeanguka na watu wamekata tamaa, basi Serikali itatoa miche bure, na fedha kidogo kwa kila mche utakaoshika, ili watu warudi shambani. Mtu akishapata cha kununulia, alisema, duka la Premji litauza, Premji ataagiza tena, wachukuzi watapata kazi, na baadaye mambo yatakwenda yenyewe bila ya Serikali kusukuma. Sikuona la kunishinda hapo. Wanaume walicheka nilipouliza kama na mwanamke hupewa. Bwana Shamba hakucheka. Alisema yeye hutazama mashimo, hatazami kanga.

Wewe ukaniagiza ning'oe muhogo wangu pale mteremkoni, nimwachie binamu yetu Bakar apande miche arobaini kwa jina lako. Desturi ya hapa unaijua: ardhi ya kiambo ni ya ukoo wote, lakini mti ni wa aliyeupanda, na baada yake ni wa wanawe. Mikarafuu yako ikishasimama pale, mimi na wanangu watatu tungelima wapi? Tangu baba yao aniache, muhogo ule ndio unaotulisha, na Mama pamoja nasi. Hilo hukuliuliza. Nilikasirika, kaka, na mpaka leo nimekasirika.

Sasa barua yako ya juzi inanishukuru, kwa kuwa umesikia miche ya mteremkoni imeshika. Ni kweli imeshika, thelathini na nane katika arobaini. Lakini si yako. Ni yangu.

Mashimo nilichimba mwenyewe, katikati ya muhogo, maana Bwana Shamba alisema mche mchanga unataka kivuli. Nikaenda kuandikisha jina langu, nikapewa arobaini yangu, nikaipanda mchana kweupe, sheha na majirani wakitazama. Bakar alipofika na ya kwako alisimama pale, akauliza, "Sasa mie nkapande wapi?" Nikamwambia akapande popote alipochimba shimo. Hakuwa amechimba hata moja. Mwisho aliipeleka kwa wakwe zake Mtambile, akaipanda kwa mkono wake na kwa jina lake, na kwa desturi ile ile hiyo nayo usiiulize tena.

Uliniandikia kwamba kichocheo ni cha kumwamsha mtu afanye kazi. Mimi kimeniamsha. Kama hukutaka niamke, ungemwambia Bwana Shamba asipite Kengeja.

Najua utahamaki. Ukitaka kwenda kwa kadhi, twende, mashahidi ninao. Mche sing'oi hata mmoja.

Sikukuu ya Mfunguo Tatu iko mlangoni. Ukija, chumba chako kimefagiliwa, na muhogo wa nazi utakula mpaka ushibe. Nisalimie wifi Moza, umwambie ukili wa kushonea mkeka aliouagiza nimempatia.

Mama anakusalimu sana. Nilitaka kumwacha nje ya jambo hili, ili ukigomba ugombe na mimi peke yangu, lakini amekataa. Amesema nikuandikie kwamba mashimo nilichimba mimi, ila miche alinishikia yeye, mmoja mmoja, mpaka wa arobaini.

Nduguyo,
Mwatima bint Khatib