Mlango wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Betri za kipaza sauti zimekufa tena. Nimenunua nyingine sokoni, za kufa pia. Ijumaa ni zoezi la mafuriko. King'ora kikilia, vijiji vya kando ya mto Kuja vihamie shule ya msingi na kulala huko. Bwana Mutua, afisa wa wafadhili, anakuja kutoka Nairobi kutazama. Likienda vizuri, mafunzo yangu ya maafa yatagharamiwa mwaka mzima. Likiharibika, pesa zinakwenda kwingine, na sisi tubaki na matope yetu.

Mwongozo unasema familia zisitenganishwe. Nimetandika mikeka ukumbini hivyo hivyo, ukoo kwa ukoo. Nikasimama mlangoni nikajisifu.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu.

Walikuja wote. Wakanywa chai, wakapigwa picha. Jua lilipoinama wakaanza kuaga. Huyu ana ng'ombe, yule ana mgonjwa. Giza lilipoingia tulibaki mimi, mikeka na Bwana Mutua. Hata Ochieng', mwenyekiti wa kamati ya maafa, aliaga akitazama viatu vyake. Mutua hakufoka. Afadhali angefoka. Atarudi mara moja tu, tarehe 11 Aprili.

Nimewakasirikia watu hawa. Nasema kweli.

Jumapili, 9 Machi
Nimemfuata Mama Perez, mjane, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Mwaka jana maji yalipokuja alikataa kuhama, akakesha juu ya meza na kuku wake. Kijiji kizima humwita mkaidi. Nilimwuliza kwa nini. Akanimiminia uji kwanza.

“Madam Robi, huyo Ochieng' ameoa msichana yangu. Sasa unataka nilale nyumba moja na yeye? Nikijigeuza usiku shuka itoke, nitaambia nani?”

Nikasema maji hayajui mkwe.

“Maji inaua mtu moja. Chira inamaliza boma.”

Chira kwao ni ile laana ya kuvunja mwiko, mtu hukonda mpaka afe. Sikucheka. Mimi ni Mkuria. Kwetu Kehancha mama yangu akimwona mume wangu njiani hukata kona. Na bado ni mimi niliyewatandikia hawa mikeka bega kwa bega! Vijiji hivi vimeoana vyote, ukumbi mzima ni wakwe watupu. Hakuna aliyeniambia, maana hata kulitaja jambo lenyewe ni aibu.

Hasira juu yao imeisha. Imebaki kwangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Nimempigia Mutua. Nimeomba fulana za zoezi zifutwe, pesa zake zitumike kugawa ukumbi kwa mabati na kutoboa mlango wa nyuma. Akasema wao wanagharamia mafunzo ya maafa, si mila. Fulana zina nembo. Mlango hauna.

Nikamwuliza kama yeye anaweza kulala chumba kimoja na mama mkwe wake. Yeye ni Mkamba, na Wakamba nao wana miiko yao.

Akasema atanijibu.

Jumatatu, 17 Machi
Fulana zimefutwa. Vijana wamenuna. Fundi anatoboa ukuta.

Mafunzo yameanza upya, na safari hii kina mama ndio wanaofundisha. Nani asionane na nani. Nani apite wapi kwenda choo. Mimi nashika chaki tu. Wamebishana mpaka chai ikapoa. Mama Perez hakuja. Alituma neno kwamba anasikia.

Anasikia! Hilo ni ndiyo au hapana?

Jumanne, 8 Aprili
Huku jua kali. Lakini mvua imenyesha milimani Kisii tangu jana, na Kuja haubishi hodi. Mchana mto umebadilika rangi. Ochieng' amepiga king'ora. Si zoezi.

Watu wanaingia, wazee mlango wa mbele, wakwe mlango wa nyuma, hakuna anayeuliza. Naandika nimesimama. Mama Perez haonekani. Ochieng' amenijia mara ya pili. “Wale wa kule chini wamefika wote?” Hamtaji mama mkwe wake. Hawezi kwenda kumbeba mgongoni, na anajua najua. Ametuma vijana wawili na kamba.

Naogopa.

Jumatano, 9 Aprili
Alikuja jana magharibi. Kwa miguu yake, vijana wakimfuata na kamba yao kavu. Gauni limelowa mpaka magotini, kuku kwapani. Alisimama mbali akaita, “Madam, mlango yangu ni gani?”

Nikamwonyesha. Ochieng' aliweka king'ora chini, akageukia ukuta, akakaa hivyo mpaka alipopita.

Mutua amepiga simu mapema. Aliuliza swali moja, kama watu wamelala. Nikasema wamelala. Akasema basi tarehe 11 haji kutazama zoezi, anakuja na mkataba wa mwaka mzima. Nimefurahi. Nitafurahi zaidi nikishaoga.

Maji yametulia. Ochieng' alikwenda kutazama kule chini kulipopambazuka. Nyumba ya Mama Perez haipo. Hata ile meza imechukuliwa. Hajaambiwa bado. Amelala upande wake wa mabati, anakoroma, kuku kando yake.

Nje, karibu na ukuta wake, watoto walianza kucheza mpira kwa kelele. Ochieng' amewanyang'anya, ameukalia.