Baba, Habari Yako Ilimtangulia Baba Mdogo

Mpendwa baba,

Shikamoo. Mimi nipo, na kazi inaendelea. Bado nafundisha lile somo ambalo hukuliheshimu hata siku moja: namna ya kutumia mitandao ya kijamii kwa mawasiliano. Wageni wakifika nyumbani kwetu Unyambwa ulikuwa ukinitambulisha, "Huyu binti yangu ni mwalimu wa chuo kikuu, anawafundisha watu wazima kuongea." Kisha unacheka peke yako mpaka mama anakuambia uniache nile.

Wewe ndiye uliyekuwa mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote. Unakumbuka nilipokuletea ile simu kubwa? Tulikaa uani, kando ya alizeti zilizoanikwa, nikakuonyesha jinsi ya kurekodi sauti na kunitumia. Ujumbe wako wa kwanza ulianza, "Ni mimi baba yako." Halafu kimya, kuku tu wanasikika. Halafu, "Marahaba." Ulikuwa umeniachia nafasi ya kukuamkia! Nikakueleza kwamba mtu wa upande wa pili hakusikii papo hapo. Ukasema, "Sasa nianzeje kuongea na mtu ambaye hajanisalimia?" Ukaendelea hivyohivyo. Mvua, mbuzi, mguu wa mama, majirani. Jambo lenyewe lilikuja mwisho, na mara nyingine ulilisahau kabisa.

Darasani nilifundisha kinyume chako. Habari ianze na jambo lenyewe: nani, nini, wapi, lini. Wanafunzi walinielewa vizuri.

Asubuhi ile nilikuwa ofisini nikisubiri kipindi. Simu ikatikisika. Kwenye grupu la darasa, Neema, yule binti wa jirani yetu, alikuwa ameandika: "Baba mzazi wa Madam amefariki leo alfajiri nyumbani kwake Unyambwa." Mama yake alikuwa amempigia. Niliisoma sentensi ile kama mwalimu kabla sijaisoma kama mtoto wako. Nani, nini, wapi, lini, vyote vipo. Sikuona cha kusahihisha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba Madam ni mimi.

Nyumbani hakuna aliyenipigia, na sikushangaa. Kwetu habari ya kifo cha mzazi haipigiwi simu. Inaletwa na mtu, na mtu huyo anakaa kwanza. Nikajua kuna mtu yuko njiani. Nikabaki kwenye kiti nikimsubiri.

Alikuja baba mdogo, mdogo wako anayekufuata, kwa bodaboda, amevaa koti lake la kanisani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaomba maji, akanywa taratibu. Akauliza watoto, akauliza kazi. Akauliza kama mvua imenyesha huku mjini, utadhani Unyambwa iko nchi nyingine. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mezani bila kupumzika, pole juu ya pole.

"Hiyo simu yako ina fujo," akasema.

"Ni wanafunzi, baba mdogo."

"Waambie wasubiri. Tunazungumza."

Nikaigeuza kifudifudi. Ningeweza kumwambia kwamba najua. Lakini alikuwa amemwacha kaka yake amelala ndani, akalibeba neno lile njia nzima, na ni yeye ukoo uliyemtuma. Nikimwambia najua, amekuja bure. Kwa hiyo nikajibu kila swali lake.

Mwishowe akavua kofia. "Mama, kaza moyo. Baba yako ametutoka."

"Lini?" nikauliza, kama mtu asiyejua.

Akaanza kunieleza, sauti ikamkatika, akalia. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Msibani walinisifu sana. "Amejikaza kweli huyu." Sikujikaza, baba. Hakukuwa na chochote cha kukaza. Nilipika, nilipokea wageni, nilitupa udongo wangu kaburini, na yote niliyaona kwa mbali kama mambo ya nyumba ya jirani. Mama aliniuliza ni nani aliyeniambia. Nikasema ni baba mdogo. Akaitikia kwa kichwa. "Vizuri," akasema. "Baba yako asingetaka usikie barabarani."

Neema bado anakaa kiti cha mbele. Simlaumu, alifanya nilichomfundisha, tena kwa usahihi. Somo nalifundisha vilevile kwa sababu sijui niseme nini kingine. Naingia, naandika ubaoni, natoka. Nakula vizuri. Nalala vizuri pia, na hilo linanitia aibu. Machozi hayajaja, na naogopa kwamba hayatakuja.

Kuna kitu kimoja tu ninachokitaka, nacho hakiwezekani. Nataka baba mdogo aje tena na vumbi lake. Nimwamkie, anywe maji mpaka yaishe, aulize mvua, na mimi niwe sijui. Halafu aniambie. Nadhani hapo ningekulilia.

Pumzika, baba. Wanafunzi wameshaingia darasani, nawafuata.

Binti yako wa kwanza