Punje Katika Jicho la Samaki

Laoag, Ufilipino, 9 Juni 1996

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Maumivu ya mgongo yamekuachia? Mimi mzima, ila chakula cha bweni hakina chumvi.

Mjomba ameniandikia kwamba umekataa kupasuliwa mtoto wa jicho, na kwamba sasa unahesabu nyuzi kwa kupapasa. Bibi, ukipofuka utaacha kufuma, na wewe bila kufuma sijui utakuwa nani. Kwa nini unakataa?

Mjukuu wako,
Benilda

Nyumbani, 20 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, unakusalimu. Anayeandika ni jirani yetu Pacita, maana mistari ya karatasi inanikimbia.

Nakataa kwa sababu nina akili. Daktari hulitoa jicho, akaliweka kwenye sahani, akalisuuza, ndipo akalirudisha. Je, akipiga chafya? Je, paka akipita? Pacita ana shahidi.

(Kweli, mwanangu. Shemeji yangu alirudishiwa lake limegeuka kidogo. Pacita.)

Bibi yako,
Severina

Laoag, 2 Julai

Bibi,

Shikamoo, na Mama Pacita pia. Natumaini mmeamka vizuri na mvua haijaingia ndani.

Jana darasani tulipasua jicho la nguruwe. Mwalimu aliuliza nani ataanza. Mimi, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni naona haya, nikanyoosha mkono. Nilifanya kwa ajili yako.

Tabaka la nje ni jeupe na gumu, kisu kiliteleza mara tatu. Kwa mbele linageuka kuwa angavu kama kioo. Chini yake kuna tabaka jeusi lenye mishipa ya damu. La ndani kabisa ni retina, laini kama karatasi iliyolowa, na ndiyo inayopokea picha. Nyuma ya jicho kuna mshipa mnene unaokwenda kwenye ubongo. Jicho likitolewa, mshipa huo hukatika, na hakuna daktari anayeweza kuuunga. Kwa hiyo habari ya sahani si kweli. Labda shemeji wa Mama Pacita alizaliwa na makengeza.

Kilichoharibika kwako ni lenzi tu, iliyo nyuma ya mboni. Unaijua, Bibi. Ni ile punje nyeupe unayoitema ukila kichwa cha samaki. Samaki akiwa mbichi, punje hiyo ni angavu kama tone la maji. Daktari hupitia tundu dogo, akaitoa iliyopauka na kuweka nyingine.

Usiniamini mimi. Nunua samaki wawili.

Mjukuu wako,
Benilda

Nyumbani, 12 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mvua imeingia, tumeitoa.

Tumenunua samaki wawili. Wa kwanza Pacita alimpasua jicho akiwa mbichi, huku anapiga kelele kama anapasuliwa yeye. Aliiweka punje juu ya kitambaa, akaona nyuzi kupitia ndani yake. Wa pili tukampika kwa siki. Punje ikawa nyeupe kama jino. Kwa hiyo yangu imeiva? Nani kanipika?

(Jua la miaka sabini, nimemwambia. Na shemeji amekiri makengeza. Pacita.)

Mjomba wako atanipeleka Jumatatu. Jicho la kulia tu. Nikiona sahani, naondoka.

Bibi yako,
Severina

Laoag, 5 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata neno. Vitabu havisomeki. Nilikushawishi mimi, na kama kuna lililoharibika niambie mimi kwanza. Unaona?

Benilda wako

Nyumbani, 19 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Pacita amenuna, anasema nimemfukuza kazi. Sahani haikuwepo.

Nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa na aibu. Walipofungua bandeji nilikwenda moja kwa moja kwenye mtambo wangu wa kufumia. Mablanketi yote niliyofuma tangu mwaka juzi, niliyodhani ni ya bluu na nyeupe, yana bluu, nyeusi na kahawia, rangi zimechanganyika ovyo! Na hakuna hata mmoja wenu aliyethubutu kusema. Nililia, halafu nikacheka.

Kisha akaja mnunuzi wetu wa mjini Vigan. Nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini, Bibi? Watu wanayagombania! Nifumie mengine mawili, vilevile."

Nimejaribu siku nne, siwezi. Mkono ukigusa uzi wa rangi isiyo mahali pake, unakataa. Jana nikafunika jicho jipya kwa kitambaa, nikafuma kwa lile la zamani. Ovyo kabisa, mazuri kabisa.

Daktari anataka kulipasua la kushoto mwezi ujao. Wewe umesoma, unajua kusema nao. Mwandikie asubiri mablanketi mawili.

Bibi yako,
Severina