Kofia Moja, Vichwa Viwili

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe, maana ni miaka sita sijaisikia kinywani mwako. Barua hii naiacha wazi aisome atakaye, kwa kuwa nne za siri dada kaniambia umezichana. Majina tu nimeficha. Yeye nimemwita Haji, na la kwangu unalijua, ulinipa mwenyewe.

Unakumbuka ukumbi wetu wa Jang'ombe, ulivyokuwa ukinikalisha mkekani na kitambaa na sindano? Wenzangu wako kiwanjani na mpira, mimi natoboa na kuzungushia uzi. "Usivute kwa hasira," ukiniambia. "Kitobo cha hasira hufumuka." Nilipofika miaka kumi na mitano, kofia nzima nikiimaliza kwa wiki saba. Wewe ukichukua tisa, na ukinisifia kwa majirani: "Huyu kanipita, jamani!"

Haji alikuja kwetu nimfundishe hesabu. Ukampa chai na mkate wa kumimina, ukamwita mwanangu. Tulikuwa na miaka kumi na minane sote wawili. Siku moja tumeshafunga madaftari akaniuliza, "Na mimi na wewe tukijumlishwa, tunakuwa ngapi?"

"Mmoja," nikamwambia.

"Mwalimu mzima, umekosa!"

Sikukosa, mama. Hesabu sijawahi kukosa. Nilikosa kwenye kofia.

Nilimshonea ya Idi. Maua ya kofia uliyonifundisha ni kumi na mawili, nami nikachagua lile la petali nane ambalo hukumshonea mtu ila baba. Nilijua maana yake. Nilidhani wanaume hawatazami maua.

Idi mosi, Haji akaingia na vijana wenzake kutoa mkono wa Idi. Baba akamkazia macho kichwani. "Mama watoto, hii si kazi yako?"

Shangazi akadakia, "Makubwa haya, wifi! Umeshapata mchumba na hutwambii?" Ukumbi mzima ukacheka. Hata Haji alicheka, maskini, hajui kavaa nini.

Ukaivua kofia kichwani mwake, ukaigeuza ndani, ukapitisha kidole kwenye vitobo. Maneno mawili tu yangetosha: nimemshonea mimi. Shangazi angekutania wiki mbili, yakaisha. Badala yake ukanitazama mimi, ukasema, "Mkono si wangu. Wa mwanao huyo."

Kicheko kikakatika. Baba akasema, "Toka." Nikatoka na kanzu mpya, sijala hata tonge.

Miaka yote hii nilimlaumu baba. Lakini baba hakujua kusoma sindano. Wewe ulijua. Na ulijua kinachofuata.

Sasa nipo Uroa, nashona mapazia na mito ya mahoteli. Nilianza na cherehani moja ya kuazima, leo zipo saba na mafundi watano. Haji ndiye anayepima madirisha, na sehemu za inchi bado zinamtatiza. Tunaishi kimya na tunaogopa, lakini tunaishi.

Baba katangulia, Mungu amrehemu. Juzi dada kaniletea kofia uliyonishonea, na ujumbe: "Aje ale Idi nyumbani. Lakini aje peke yake." Niliitazama kwenye mwanga. Ni ua lile la petali nane. Nililia, sitakuficha. Kisha nikapitisha kidole kama wewe siku ile, na vitobo vyote vimekaza, hakuna hata kimoja cha hasira. Kwa hiyo kunipenda unaweza. Ila unanipenda nusu, na mimi nusu sili.

Kofia nimemrudishia dada aiweke kwako. Sikuikataa. Mwezi wa Ramadhani bado wiki kumi, na kazi yako ni wiki tisa, hujapungukiwa na muda. Duara la kichwa cha Haji ni inchi ishirini na mbili na nusu. Ua chagua wewe.

Zikiwa mbili, tutakuja kula. Ikiwa moja, mvishe unayemtaka.

Mimi, mwanao uliyemfundisha sindano.