Pikipiki Yangu Yapanda Kaliwuluh

Sorowulan, Bantul,
Yogyakarta.
24 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Warsiti,

Salamu nyingi zikufikie huko Lampung, wewe, shemeji Ponidi na watoto. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia ukichuchumaa kumenya mihogo huinuki bila kushika ukuta. Likande kwa tangawizi ya moto, na dawa za hospitali uzimeze, usizifiche chini ya mto kama alivyokuwa akifanya mama. Mimi ni mzima. Presha imetulia, usingizi naupata, na meno yaliyobaki yanafanya kazi yao. Mvua bado inanyesha kila alasiri.

Ningeweza kupiga simu, lakini unazijua simu zetu tangu shemeji yako afariki. Mmoja akianza kulia mwingine anafuata, na vocha inaisha kabla ya habari. Safari hii nina habari ya furaha, nataka uisome taratibu.

Mdogo wangu, nimenunua pikipiki.

Si ile skuta ya kwendea sokoni. Ile ipo, anaitumia mkwe wangu Anggi. Hii ni ya gia na klachi, mpya kabisa, ila wameiunda kwa sura ya zile za zamani: taa ya mviringo, tangi mfano wa tone la maji, magurudumu ya spoki. Nilikuwa natoka kununua soya za kutengenezea tempe, zile keki zangu za soya iliyochachushwa, nikapita mbele ya duka, nikasimama kama niliyeitwa. Ilifanana na ile aliyokuja nayo marehemu Mas Kamdi kunichumbia, ile aliyoiuza ili kumlipia mwanangu Yudha ada ya chuo. Basi akiba yangu ya miaka niliyopika kantini ikaishia pale. Nina miaka sitini na mbili. Mimi ni mzee ninayejitia ujana, nayo ni changa inayojitia uzee, nikaona tutaelewana.

Unaikumbuka safari ya Muntilan? Mas Kamdi alisimama kutia mafuta, mimi nikashuka kunyoosha mgongo, naye akaondoka akidhani nimeshakaa nyuma. Alifika hadi Muntilan akinisimulia habari za pilipili zilivyopanda bei. Aliporudi kunichukua, eti yeye ndiye aliyekasirika: "Kwa nini hukunijibu njia nzima?" Miaka thelathini na minne nilikaa nyuma yake, miguu yote upande mmoja, nikiiona dunia ya mkono wa kushoto tu.

Sasa sikia balaa la siku ya kwanza. Unajua ufupi wangu. Niliipanda uani, vidole vya miguu vikagusa chini kwa shida, ikaegemea kidogo, kisha tukaenda wote kwenye vyungu vya pilipili. Sikuumia. Lakini Yudha alitoka bafuni mbio na povu kichwani, akanitazama nimelala kati ya pilipili, akachomoa ufunguo akaushika mkononi.

"Pikipiki ina spea," akaniambia. "Mama hana."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu. Lakini alisema polepole, povu linamtiririka shavuni, nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea baba yake.

Nilipokwisha kujipangusa nilimwambia ninachotaka. Nataka kwenda Kaliwuluh alikozikwa baba yake, mwenyewe, siku ya kuzuru makaburi, kabla mwezi wa Ruwah haujaisha na mfungo haujaingia. Tangu tumzike nimepelekwa kwa gari kila mara. Napakiwa kama gunia la mchele, nashushwa kama gunia la mchele, naomba dua, nalia, halafu mtu anakohoa kunikumbusha kuwa foleni inaanza, napakiwa tena. Sijapata hata mara moja kukaa na mume wangu mpaka niridhike.

Yudha alifikiri sana. Mwishowe akasema, "Siku nyayo zako zote mbili zitakapokanyaga chini, na ukaweza kupanda mlima, nitakupa ufunguo." Nadhani aliona amefunga mlango. Hakujua kwamba amenifungulia gereji ya Mas Gandung.

Mas Gandung ni fundi wa kubadilisha pikipiki, yupo karibu na stendi. Amechorwa tatuu mpaka kwenye vidole, lakini ananiita Bude, kama vile mimi ni dada mkubwa wa mama yake, na hawezi kupita mbele yangu bila kuinama. Vijana wanaokusanyika pale walifurahi kuiona pikipiki yangu. Kila mmoja alitaka lake: mmoja akate mkia wa nyuma, mwingine aondoe madigadi, mwingine aweke bomba la moshi linalonguruma.

Nikawaambia madigadi hayatoki, sitaki kufika makaburini na tope mgongoni. Bomba libaki lilivyo, majirani wananisalimia na nataka waendelee. Mnyororo ufunikwe wote usije ukala sarong yangu ya kujifunga. Kiti kichongwe, shokapu za nyuma ziwekwe fupi, na usukani uje kwangu, nisiufuate mimi.

"Na kulabu hapa mbele," nikamalizia.

Wakanitazama kama nimetukana.

"Bude," Mas Gandung akasema kwa unyenyekevu, "kulabu ya nini?"

"Ya kutundikia mboga."

"Jamani, Bude! Hii ni bibi harusi. Bibi harusi hatundikwi mchicha!"

"Bibi harusi asiyebeba mchicha atapika nini kesho yake?"

Mmoja alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kulabu ikawekwa. Mas Gandung aliitengeneza mwenyewe kwa shaba, na sasa nasikia kuna wateja wawili wanaume wameagiza kama yangu. Kiti nilikikalia nikashuka, nikakikalia nikashuka, naye akichonga sponji kidogo kidogo kama anayemenya embe, hadi siku moja nikahisi visigino vyangu vimetua sakafuni. Vyote viwili. Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Klachi ndiyo iliyonitoa jasho. Mas Gandung alinifundisha uwanjani nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa ufunguo ambao Yudha alimkabidhi yeye na kuudai kila jioni. Niliizima injini mara nyingi hata mbuzi waliokuwa wakila nyasi pale wakaacha kushtuka. Jioni nyingine nilimwona Yudha amesimama nje ya uzio, mikono imekunjwa, akijifanya anatazama mpira ambao haukuwapo. Sikumwita.

Jumamosi iliyopita alikuja kunitazama nikipanda mlima wa Imogiri na kushuka. Tuliporudi aliniwekea ufunguo mezani, kando ya kikombe. Kisha akasema, "Kesho nitakufuata nyuma kwa gari. Nitabeba chakula tu."

Basi jana tukaenda. Warsiti, upande wa kulia wa njia ile kuna mashamba ya maua! Miaka yote ile sikujua. Nilikwenda polepole, pikipiki ikinguruma kwa chini kama paka aliyeshiba, na mlima Merapi ulikuwa wazi hadi kileleni. Nilijikuta naimba ndani ya helmeti.

Kwenye kona ya mianzi chini ya Kaliwuluh, pale penye mwinuko mkali, lori la mchanga lilisimama ghafla mbele yangu. Nikashika breki, na injini ikazimika. Nyuma yangu alikuwa Yudha, na nyuma yake msururu wa watu wanaokwenda makaburini, wote wakaanza kupiga honi. Kwenye kioo nilimwona Yudha anafungua mlango wa gari, anatoa mguu mmoja. Nikajua safari yangu imeishia hapo, anakuja kunishusha.

Mguu ukabaki nje muda kidogo. Kisha akaurudisha ndani. Akatoa kichwa dirishani, akawapigia kelele wa nyuma kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu utoto wake: "Acheni honi! Subirini! Mama yangu anawasha!"

Nikakanyaga chini kwa nyayo zote, nikabonyeza kitufe, nikaachia klachi taratibu kama unavyomlaza mtoto usitake aamke. Ikapanda. Ikapanda mpaka juu, nami nikilia na kucheka, kioo cha helmeti kimejaa ukungu.

Wifi yangu Mbakyu Parinem alikuwa kwenye lango la makaburi na kapu la vikate vya apem. Unamjua alivyo na miaka yake sabini na minane. Alinitazama suruali, akanitazama helmeti. "Ngatinah, umeajiriwa polisi?" Nikasema hapana. Akaizunguka pikipiki, akagusa kulabu. "Haya, baada ya dua unipitishe nyumbani kwa jirani yangu Bu Sar. Tumenuniana tangu mavuno. Nataka anione." Na kweli nilimpitisha, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Bu Sar alikuwa jikoni.

Lakini kwanza nilikaa na mume wangu. Nilimwagia kaburi maua ya waridi na asmini, nikang'oa majani, nikamweleza kila kitu, hata yale niliyokuwa nikiyanyamazia. Wenzangu walikula wali, wakakunja mikeka. Hakuna aliyekohoa. Niliinuka niliporidhika, Warsiti. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na njaa, na walikuwa wameniwekea paja la kuku.

Tuliporudi nyumbani Yudha alichukua nyundo, akapigilia msumari kando ya mlango, chini kabisa ya pale anapotundika funguo zake, kwa kimo changu. Akasema, "Wako utakaa hapa, Mama," akaingia kuoga.

Nisalimie shemeji Ponidi, na Eko na mkewe, na umbusu yule mjukuu mpya kwenye nyayo. Yudha na Anggi wanakusalimu. Mwenyezi Mungu atufikishe mwezi mtukufu tukiwa na afya, na aliponye goti lako. Ukija kwa Idi, Lebaran, nitakupokea stesheni mwenyewe. Vaa suruali, mizigo itachukuliwa na Yudha.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Ngatinah