Pumzi Iliyoko Mwisho wa Wimbo Wako

Rajabu, rafiki yangu,

Albamu imetoka. Wasanii kumi na wawili, kila mmoja na mji wake, na wewe ni wa saba: Rajabu, Rumonge. Kuna mmoja amerekodi mngurumo wa friji inayokufa, akauita wimbo. Ungemcheka, halafu ungemwonea wivu. Wako ni ule wa mashine ya mawese ya mjomba wako, na ziwa likigonga kuta kule Magara.

Sasa nikuambie nililofanya. Tulipokuzika wimbo ulikuwa haujaisha, na wakusanyaji wa albamu waliutaka wiki ile ile. Niliona uchungu jina lako lifutwe. Nikachukua kinasa sauti chako, nikaenda kwenye mashine, nikarekodi dakika mbili za mwisho na kuzituma kama zako. Mara ngapi uliniambia, "Bana pumzi, Shabani, hiki kinasa hakina adabu"? Siku ile nilikuwa nalia, nikasahau. Mashine inazimika, kisha inasikika pumzi ya mtu, nzito, mpaka mwisho.

Mama yako, aliyekuwa akisema unaokota makelele, sasa hapitishi siku bila kuusikiliza. Kila baada ya alasiri ananiita, anakaa mkekani, simu sikioni. "Shabani, weka pale mwisho. Mutoto wangu iko anapumua."

Ni mimi, Rajabu. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa huruma. Ya pili nilinyamaza kwa sababu ya ile ya kwanza. Sasa nimebanwa. Nimepata kazi Kabezi na sijaenda, maana nani atamwekea? Nikikaa karibu naye napumua polepole, naogopa atanitambua. Na wewe nakukasirikia, samahani. Umeniachia kazi nusu na mama mzima.

Jana amesema atawaita shangazi zako wote Jumapili, waje wakusikie. Nyumba nzima ya watu wakililia pumzi yangu. Hapana, hilo siwezi.

Nakuahidi, kesho alasiri nitamwambia, kabla hajawaita. Huenda akanifukuza, nami sina nyumba nyingine ambamo jina lako linatajwa kila siku.

Mungu akupanulie kaburi, ndugu yangu. Ulipokata roho mama alikuwa amekushika mkono, hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba umekufa. Kesho ni mimi nitakayemwambia.

Shabani