Sato wa Bwawa la Majitaka

Serwaa, ndio natoka kukagua ule mtambo wa majitaka wa manispaa. Nina hasira hizo!

Mashine za kupuliza hewa zimekufa. Bwawa la mwisho linanuka choo. Halafu meneja, Bwana Boafo, ananing'ang'ania nisaini kwamba ukarabati umekamilika!

Eti, "Dada injinia, maji yetu safi, hata sato tunafuga humu." Akaniletea ugali wa banku na sato wa kuchoma. Sato wa humo humo!

Nikamsogezea sahani. "Anza wewe, bosi."

Eti amefunga. AMEFUNGA! Asubuhi nimemwona kwa macho yangu akifakamia madonge ya kenkey.

Nikamuuliza, sato wengine mnawapeleka wapi? Akajibu bila aibu, "Soko la stesheni."

Shoga, mama yako si hununua hapo hapo? Mpigie asipike!